Mwaka Timu ya Mjomba Deo Ilipouzwa

Kila nifunguapo robota la jezi, harufu hunitangulia. Ni harufu ya nailoni iliyokunjwa ikiwa mpya: ina kitu cha mpira wa baiskeli, ina kitu cha mafuta ya taa, na ndani yake kabisa kuna utamu fulani ambao sijaupatia jina mpaka leo. Nina duka dogo la vifaa vya shule mjini Bukoba. Walimu wa michezo wakija kuchagua jezi za wanafunzi wao hunikuta nimeliinamia robota nikivuta pumzi, nao hudhani nakagua mshono. Sikagui mshono. Wakati huo mimi niko Nshamba, katika sebule ya babu yangu, nina miaka tisa, na hakuna mtu mzima hata mmoja nyumbani kwetu anayeweza kunieleza mjomba wangu anafanya kazi gani na anaifanya kwa nani.

Kwanza nikueleze tulivyokuwa. Mama alikuwa muuguzi mjini, zamu zake hazina mchana wala usiku, kwa hiyo mimi na mdogo wangu Festo tulilelewa na wazazi wake. Babu alikuwa katekista mstaafu, mtu wa maneno machache, na shamba lake la kahawa lilipaliwa likapendeza kama mbele ya kanisa siku ya Pasaka. Bibi alisuka vikapu. Mjomba Deo alikuwa kitindamimba wao, na alikuwa mrefu kupita mtu yeyote niliyepata kumwona. Seminari alikosoma ilikuwa na uwanja wa saruji wenye nguzo mbili na vikapu vya chuma, na huko ndiko mpira wa kikapu ulikompata. Upadri ulimpita, mpira ukabaki. Akaenda chuo Dar es Salaam, akachezea timu ya huko, na mgeni mmoja aliyemwona akicheza akamtafutia nafasi Hispania, katika timu ya wachezaji wa kulipwa ya mji mdogo wa milimani.

Nshamba hapakuwa na mtu wa kuelewa jambo hilo. Watu waliijua Hispania kwa mpira wa miguu. Walimuuliza babu, "Yuko katika timu ipi kati ya zile kubwa?" Babu akijibu kwamba hayumo katika hata moja, walimtazama kwa huruma, kama mzee aliyedanganywa na mwanawe. Bibi naye alikuwa na mkanganyiko wake. Alisikia neno kikapu, akaelewa kikapu. Kwa muda mrefu aliwaambia wanawake wenzake wa jumuiya kwamba Deo yuko Ulaya kwa mambo ya vikapu, na wapo waliomletea vya kwao ili akipata njia amtumie. Chumba cha nyuma kilijaa. Siku babu alipomweleza kwamba kikapu chenyewe hakina kitako, mpira ukiingia unapita na kuanguka chini, bibi alivitazama vikapu vyake, kisha akasema, "Sasa kama hakina kitako, wanatilia nini?"

Babu alichukua jembe akaenda shambani.

Kila Krismasi mjomba alitutumia jezi kupitia kwa padri mmoja aliyekuwa akisoma huko na kuja likizo. Ya kwanza ilikuwa ya kijani kibichi, kifuani ina maandishi meupe na picha ndogo ya mnyama ambaye sote tulikubaliana ni ndama. Zilikuja mbili za aina hiyo: moja ya Festo, ikamfika magotini, na moja ya Mzee Twaha, rafiki wa babu. Mzee Twaha alikuwa Mwislamu wa Bukoba mjini, babu yake alifika ziwani kutoka pwani kwa biashara, naye mwenyewe alikuwa na duka pale senta ya Nshamba. Kiswahili chake ndicho kilichokuwa kitamu kuliko chote Nshamba. Aliipenda sana jezi ile. Masika yote aliivaa chini ya koti. Ndipo siku moja sista mmoja wa zahanati, aliyejua Kihispania, alipoisoma na kusema ni jina la kiwanda cha mapaja ya nguruwe ya kukausha. Mzee Twaha aliifua, akaipiga pasi, akaikunja, akamrudishia babu.

"Mwambie Deo shukrani zimefika," alisema. "Ila shati hili limenizidi."

Krismasi iliyofuata ikaja jezi yangu. Kijani kilikuwa kilekile lakini maandishi yalikuwa mengine, na badala ya mnyama kulikuwa na bilauri ya maziwa. Krismasi ya tatu ikaja ya babu, nayo ilikuwa na jina la benki. Babu aliishika mbele ya dirisha akaisoma herufi kwa herufi, akachukua na ile ya Festo na yangu, akazipanga zote tatu juu ya meza. Alizitazama kama mtu anayetazama majani ya kahawa yaliyoanza kupata madoa.

"Mwaka juzi nguruwe, mwaka jana maziwa, mwaka huu benki," alisema. "Mti wa kahawa unaohamishwa kila mwaka hauzai."

Sikuelewa kwa nini alihuzunika. Mimi niliona mjomba anapanda: kutoka nguruwe hadi benki si hatua ndogo. Lakini babu alifanya kazi moja maisha yake yote, chini ya parokia moja, na katika macho yake mtu anayebadilisha mwajiri kila mwaka alikuwa ama mvivu ama mwizi.

Jambo hilo lingebaki la nyumbani kama si Anastela. Anastela alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Mzee Rwegoshora wa Buganguzi. Yeye na mjomba walijuana tangu chuo, na mjomba alikuwa amewaomba wazazi wake wakaanze mazungumzo ya posa bila kumsubiri. Mzee Twaha akachaguliwa kuwa mshenga kwa sababu ya ule ulimi wake. Bibi akaamua kwamba ili tumheshimu Deo asiyekuwepo, mimi na Festo tuvae jezi zake. Babu alivaa koti lake la Jumapili, akalifunga vifungo vyote.

Mzee Rwegoshora alitupokea vizuri. "Karibuni waitu," alisema kwa heshima ya kwetu, na kibakuli cha buni zilizokaushwa kikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akachukua chache za kutafuna. Nakumbuka uchungu wake mzuri ulimini, harufu ya majani makavu yaliyotandikwa sakafuni, na wanawake wa nyumba ile wakicheka kwa sauti ya chini nyuma ya pazia. Mzee Twaha alizungumza. Alisema tulikuwa tunapita njia, tukaona nyumba ina nuru, tukasema hapa hatuwezi kupita bila kubisha. Wazee wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Kila kitu kilikwenda sawasawa mpaka Mzee Rwegoshora alipouliza swali ambalo baba yeyote angeuliza.

"Kijana anafanya kazi wapi?"

"Anacheza mpira wa kulipwa," alijibu Mzee Twaha, "chini ya kampuni kubwa."

"Kampuni gani?"

Mzee Twaha alikohoa. Lile neno lisingetoka kinywani mwake katika shughuli kama ile. "Ya vyakula," alisema.

"Benki," alisema babu wakati huohuo.

"Maziwa," alisema bibi, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekaa karibu naye na bilauri yangu kifuani.

"Nguruwe," alisema Festo, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Babu alikuwa amepatwa na joto, na katika fadhaa yake akafungua vifungo vya koti. Ndipo tulipoona wote kwamba chini ya koti la Jumapili, juu ya shati jeupe, alikuwa amevaa ile jezi ya benki. Kumbe aliionea fahari na hakutaka tujue. Mzee Rwegoshora alimtazama babu, akamtazama Festo, akanitazama mimi.

"Mimi nina binti mmoja," alisema taratibu. "Ninyi naona mmeniletea vijana watatu. Nendeni nyumbani mkakubaliane anayeoa ni yupi."

Hakusema kwa ubaya. Hata hivyo tuliondoka kabla ya chakula, na wewe unajua maana yake kuondoka ugenini kabla ya chakula. Anastela alitusindikiza hadi mwisho wa kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba. Yeye alijua ukweli wote, maana walizungumza na mjomba kwa simu, lakini katika shughuli ile binti hakuwa na nafasi ya kusema. Alipiga magoti kuwaaga babu na bibi, akanishika bega, akaniambia, "Jezi imekupendeza, Koku." Nilitamani ardhi inimeze pamoja na bilauri yangu.

Kesho yake babu alikwenda dukani kwa Mzee Twaha kumpigia mjomba simu. Mimi nilimfuata. Simu iliwekwa juu ya gunia la sukari, sauti imefunguliwa, mtandao unakuja na kupotea.

"Deo," alisema babu, "umeajiriwa na nani?"

"Na timu, tata," alijibu mjomba, akimwita baba yake kwa lugha ya nyumbani. "Timu ni ileile siku zote."

"Na haya majina?"

"Hayo ni majina ya wadhamini. Kila mwaka tunapata mdhamini mpya."

Babu aliinua kichwa. Sauti ya mjomba ilipotea, ikarudi ikiwa mbali. "Ila mwaka huu mambo ni magumu, tata. Mdhamini amejitoa. Hatujui itakuwaje." Kisha simu ikakatika, na haikupatikana tena siku ile.

Sasa, wewe na mimi tunajua mdhamini ni nani katika michezo. Lakini babu alilijua neno lile kutoka mahali pamoja tu, nalo ni mahakama ya mwanzo. Zamani aliwahi kumdhamini jirani aliyeshitakiwa, jirani akatoroka kwenda ng'ambo ya mpaka, na babu akasimama mbele ya hakimu kwa kosa lisilo lake. Kwa hiyo alichosikia kwenye gunia lile la sukari ni hiki: mwanawe yuko nje kwa dhamana, kila mwaka anatafutiwa mtu mwingine wa kumdhamini, na sasa wa mwisho amejitoa. Mzee Twaha alijaribu. Alisema neno hilo lina maana zaidi ya moja, kwamba hata redioni hutajwa mdhamini wa ligi. Babu alimwambia, "Twaha, mimi nimekuwa mdhamini. Usinifundishe."

Nyumbani hakusema kitu mbele yetu, ila bibi alianza novena kwa ajili ya wafungwa, na sisi watoto tukapigishwa magoti pamoja naye kila jioni. Nilisali nikiwa sijui ninamwombea nani. Nilimuuliza bibi mjomba amefanya nini. Akaniambia mjomba hakufanya kitu. Nikauliza kwa nini basi tunawaombea wafungwa. Akasema nisali nisiulize. Festo alinong'ona kwamba labda ameiba nguruwe.

Wiki zikapita bila simu ya mjomba. Mvua zikakatika, kahawa ikaiva, tukaichuma na kuianika, na harufu yake tamu iliyochacha ikajaa uani. Ndipo siku moja simu ya Mzee Twaha ikalia, naye akaja mbio na miguu yake mibovu, akampa babu. Mjomba alisema maneno machache tu. Alisema timu imeuzwa, na kwamba anarudi nyumbani.

Bibi, aliyekuwa akigeuza kahawa juani, alikaa chini palepale kwenye mkeka. "Imeuzwa," alirudia. "Na watu waliomo ndani?"

Na mimi, nikuambie ukweli, nilijua jibu, au nilidhani nalijua. Wiki ile darasani tulikuwa tunasoma historia, na katika kitabu kulikuwa na picha ya watu waliofungwa shingo kwa shingo wakipelekwa sokoni. Nilimwona mjomba katikati yao, kichwa kimewazidi wote, amevaa jezi ya kijani isiyo na jina. Sikumwambia mtu. Siku zile zote nilikula kidogo, na kila gari lililopita barabarani lilinishtua, kwa sababu sikujua mtu aliyeuzwa anarudije nyumbani.

Alirudi kwa miguu yake, na begi moja. Amekonda, anachechemea goti la kushoto. Nilimshika shingo nikaipapasa kuona kama ina alama. Alicheka, akauliza natafuta nini. Sikusema.

Babu hakumuuliza kitu wala hakumruhusu aeleze. "Utaeleza Buganguzi," alisema. "Sitaki kusikia mara mbili." Nadhani aliogopa kusikia peke yake.

Ndivyo tulivyokwenda kwa Mzee Rwegoshora mara ya pili, safari hii bila jezi. Buni zilipita tena. Mzee Rwegoshora alimtazama mjomba kuanzia miguuni, macho yakachukua muda kufika juu. Kisha akasema, "Kijana, mimi si hakimu. Lakini hiyo timu yako imenisumbua usingizi. Anza mwanzo. Ilizaliwaje?"

Mjomba alinyoosha goti lake, akaanza.

Alisema ni mji wa mvua na ukungu, wa ng'ombe na viwanda vya sufu, unaofanana na kwetu kuliko mtu anavyoweza kudhani, isipokuwa baridi. Mwalimu mmoja wa shule alirudi kutoka mji mkubwa na mpira chini ya kwapa. Hakukuwa na kikapu, basi wakachukua pete za mapipa ya mvinyo wakazipigilia kwenye ukuta wa ghala la sufu. Walicheza nje, mvua ikinyesha, wake zao wakisimama pembeni na miavuli. Jezi zilikuwa za kijani kwa sababu kiwandani kilibaki kitambaa cha blanketi cha rangi hiyo, kisichonunulika. Walipotokwa jasho zilinuka kondoo.

"Walilipwa?" aliuliza Mzee Rwegoshora.

"Wakati huo hapana, baba. Walicheza kwa mapenzi. Walipoanza kushinda, wakapanda daraja, na huko juu wakaambiwa hawawezi kucheza bila ukumbi wenye paa. Mji mzima ukajenga. Jumapili baada ya misa, kila nyumba inatoa mtu mmoja na koleo moja."

"Kama tulivyojenga kanisa letu la kigango," alisema babu. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Mjomba alisema ukumbi ulipokwisha, ndipo wakaanza kuajiri wachezaji kutoka mbali, na kuajiri kunahitaji mwenye mfuko. Kikaja kiwanda cha nyama, kikasema nitawasaidia, ila jina langu likae kifuani. Kilipochoka, wakaja watu wa maziwa. Walipochoka, ikaja benki. "Hao ndio tunaowaita wadhamini, tata," alisema akimgeukia babu. "Hawamtoi mtu rumande. Wananunua kifua tu."

Babu aliinamisha kichwa. Mzee Twaha, ambaye angeweza kusema nilikuambia, alichukua buni moja akaitafuna polepole bila kumtazama mtu.

Mjomba akaendelea. Alisema chini ya benki walifika daraja la juu kabisa, wakacheza na timu za miji mikubwa ambayo ukumbi wake mmoja unaweza kumeza mji wao wote. Msimu huohuo walikaribia kuchukua kombe, wakalikosa kwa mpira mmoja uliozunguka kwenye pete ukatoka nje, na mpira huo aliurusha yeye. Alisema hilo bila kuinua macho. Kesho yake asubuhi alijifungia ndani kwa aibu. Mama mmoja muuza mikate, aliyekuwa na siti yake ukumbini tangu ukumbi ulipojengwa, alimgongea mlango, akampa mkate wa moto, akaondoka bila kusema kitu. Baadaye goti lilipovunjika, yeye na majirani walipeana zamu kumpikia mpaka akasimama.

Kisha benki ikaanguka. Viongozi wa timu wakauza nafasi yao ya ligi kwa mji mkubwa wa pwani. "Si sisi tuliouzwa," alisema, na hapo akanitazama mimi, sijui alijuaje. "Iliuzwa nafasi. Haki ya kucheza. Asubuhi moja watu walikusanyika mbele ya ukumbi, wazee kwa watoto, wakasimama tu. Hakuna aliyepiga kelele. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo."

Mimi sikuelewa hata nusu. Mtu anauzaje haki ya kucheza? Inawekwa kwenye gunia? Lakini niliona wazee wanne, wawili wa Kikatoliki waliokataana na mmoja wa Kiislamu na bibi yangu, wote wanausikitikia mji ambao wasingeuona kamwe.

Mzee Rwegoshora alipiga goti lake kwa kiganja. "Basi tumeelewa. Kijana si mhuni. Timu imekwisha, pole sana, na yeye yuko nyumbani. Tupange siku."

Bibi alianza kushangilia kwa sauti ndogo. Mjomba akainua mkono.

"Haijaisha, baba. Juzi wamenipigia simu. Mji umekutana, wamekubaliana kuanza upya, daraja la chini kabisa. Kila nyumba inachangia. Hawana mdhamini, hawana jina kifuani. Wachezaji wote wa kulipwa wameondoka. Wanaomba mtu mmoja wa zamani akae na vijana wao msimu mmoja, awashike mkono. Watampa kitanda na chakula." Aliwageukia wazee wote. "Nimekuja kuomba uchumba, na nimekuja kuomba ruhusa ya kurudi."

Hapo ndipo nilipomwona babu akikasirika kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Hakupaza sauti. Alisema, "Goti huna. Mshahara huna. Mwanamke unaye hapa, na wazazi wamekubali. Unarudi kufanya nini kwenye nyumba iliyobomoka?"

"Wanajenga, tata."

"Wajenge wenyewe."

Bibi, aliyekuwa ameachia mshangilio wake katikati, alisema kana kwamba anaongea na mkeka, "Huo ni mgomba. Umekatwa, lakini chini mna machipukizi." Babu akamwambia hayo ni mambo ya shambani.

Mzee Rwegoshora aligeukia pazia. Alivunja desturi, labda kwa kuchoka, labda kwa kutaka mtu mwingine abebe uamuzi. "Anastela," aliita. "Njoo. Umesikia yote. Sema."

Anastela alitoka, akapiga magoti mbele ya wazee. Mikono yake ilikuwa na unga. Alimtazama mjomba muda mrefu, kuliko ilivyoruhusiwa nadhani, kisha akasema, "Aende. Akimaliza, aje."

Ni hayo tu. Baba yake alimuuliza kama ana uhakika. Alisema anao. Akarudi jikoni.

Nilikasirika kwa niaba yake. Njiani kurudi nilimwambia Festo kwamba nikikua sitamruhusu mwanaume aniache kwa ajili ya watu wa mikate. Niliamini kabisa kwamba Anastela ameshindwa. Kwamba timu na yeye vimepimwa kwenye mzani na timu imekuwa nzito. Niliona aibu kumtazama kila aliponipita njiani, na nilishangaa kwamba yeye haonekani kuwa na aibu. Msimu ule wote alifundisha, alilima, alicheka kama kawaida. Watu walisema ameachwa.

Msimu ulipokwisha, mjomba alirudi nyumbani. Timu haikupanda daraja mwaka ule. Ilishika nafasi ya katikati, na vijana wa mji walijifunza kutoogopa. Alirudi anachechemea zaidi. Wakafunga ndoa Buganguzi, Mzee Twaha akahutubia mpaka watu wakalia, na Mzee Rwegoshora akamwita mkwe wake "vijana wangu watatu" mpaka siku alipofariki. Mjomba akawa mwalimu wa michezo. Timu yake ipo hata leo, inapanda na kushuka. Mwaka huu nasikia kifuani ina jina la watengeneza madirisha.

Miaka miwili iliyopita Anastela alipata kiharusi. Upande wake wa kulia ulilala, na maneno yakawa yanakuja mojamoja, kama watu wanaovuka mto kwenye mawe. Mjomba aliacha kazi. Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Nilimkuta barazani, goti bovu limenyooshwa pembeni, anamwosha mkewe miguu kwa maji ya vuguvugu, anapitisha kidole kati ya kila kidole, kwa utaratibu wa mtu ambaye amefanya hivyo asubuhi nyingi na hategemei kuacha. Alipoingia ndani kuchukua taulo, nilimuuliza Anastela swali nililolibeba tangu utoto. Nilimuuliza kwa nini alimwacha aende.

Alichukua muda. Nilidhani amesahau.

"Uliwasikia," alisema, "wazee. Walisikia mtu anayeondoka." Alipumzika, akatafuta jiwe jingine la kukanyaga. "Mimi nilisikia... kitu kimeanguka, hakina jina, hakina chochote. Na yeye anarudi." Aliinua mkono wake mzima, akauweka juu ya ule uliolala. "Nikasema, huyu nikianguka, atarudi."

Sijui kama watu wazima wote hupata kujua mambo mapema hivyo. Wakati ule mimi nilikuwa na miaka tisa, nimechanganyikiwa na nguruwe na maziwa na benki, na yeye alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao sasa, amepiga magoti na unga mikononi, anaona mpaka huku.

Mjomba alitoka na taulo, akatazama juu akasema mvua inakuja. Akamkausha miguu, akamzungushia mikono, akamwinua kutoka kitini. Goti lake lililia kwa sauti niliyoisikia nikiwa nimekaa. Niliinuka kumsaidia, lakini Anastela, kichwa chake kikiwa begani kwa mumewe, alinitikisia kichwa polepole kunikataza, nikakaa.